Ibn al-Haytham, Mto Nile na Mtaro wa Khalwa Yetu



Ndugu msomaji, mhariri aliponiomba niandike maisha ya mwanazuoni kwa ajili ya toleo hili, nadhani alitaraji nitamchagua imamu wa fiqhi au mpokezi wa hadithi, kama walivyofanya wenzangu waliotangulia. Mimi nimemchagua mtu wa hesabu, Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye Wazungu walimwita Alhazen. Sababu yangu haina uanazuoni mwingi. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Juba, nikauharibu mtaro wa msikiti wa mtaani kwetu kwa sababu sikuelewa mteremko wa mstari ni kitu gani, na kisa cha mtu huyu ndicho kilichonipa miguu ya kwenda mbele ya wazee na kukiri. Nitayasimulia yote mawili kwa pamoja, maana kwangu mimi hayatengani tena.

Nianze na mtaro. Nyuma ya msikiti wetu kuna khalwa, yaani madrasa ya watoto, yenye ua wa udongo. Mvua za Juba zikishika, ua ule hugeuka bwawa. Watoto hukaa wakiwa wamepandisha miguu juu ya benchi, wamekumbatia mbao zao za kuandikia, na mbu wanakula kila kilicho wazi. Mjomba wangu ni mmoja wa wazee wa kamati. Siku moja baada ya swala ya Ijumaa alisimama akawatangazia watu kwamba wanaye kijana wao anayesoma uhandisi, yuko likizo, na yeye ndiye atakayepanga mtaro wa kuyatoa maji. Nilijiona mkubwa kuliko kimo changu. Ikachangwa michango ya Ijumaa tatu, wakatafutwa vijana wanne wenye majembe na sururu.

Kipimo nilikichukua vizuri, hilo siwezi kujilaumu. Tulijaza maji kwenye mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, kama wafanyavyo mafundi wasio na pimamaji refu, tukapima hatua kwa hatua. Kutoka uani hadi kwenye khor, ndivyo tunavyoviita vijito vya msimu, ni mita 120. Ukingo wa khor uko chini kuliko ua kwa sentimeta 60. Basi nikawaambia vijana wateremke upesi mwanzoni: katika mita 20 za kwanza wachimbe hadi kina cha sentimeta 50, ili maji yapate nguvu. Mita 100 zilizobaki zingeteremka sentimeta 10 tu. Hesabu yangu ilikuwa kwamba jumla ni ile ile, sentimeta 60, na maji yaliyokwisha kupata mwendo yatajipeleka yenyewe.

Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yaliingia mtaroni kwa kishindo, watoto wakapiga makofi. Kufika kama mita 25 hivi yakapoa. Yakabwaga matope yake pale pale, yakajaa, na kabla ya magharibi yalikuwa yamerudi uani. Baada ya mvua tatu nusu ya mtaro ilikuwa imefukiwa na tope laini kama unga uliokandwa.

Na mimi, ndugu msomaji, ni mtu aliyepata alama nzuri kwenye swali la mteremko katika mtihani wa kidato cha nne. Unachukua nukta mbili kwenye grafu, unatoa Y kwa Y, unatoa X kwa X, unagawanya. Nilijua kugawanya. Jibu lilipotoka nililichora mstari chini yake mara mbili, nikaenda swali linalofuata. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza ile namba ni namba ya nini.

Sasa tumwendee mwenyewe. Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, kusini mwa Iraq, mwaka 965 hivi, sawa na 354 Hijria. Ni mji wa mito na mifereji, kwa hiyo maji hakuyajulia ukubwani. Ameandika mwenyewe kwamba tangu ujana wake alitatizwa na madhehebu yaliyokuwa yakibishana, kila moja likidai haki iko kwake, akafikia kuamini kwamba haki ni moja na kinachotofautiana ni njia za kuiendea. Akazama katika vitabu vya Wayunani vilivyokwisha kutafsiriwa kwa Kiarabu: Aristotle, Euclid, Ptolemy. Hao aliwaheshimu bila kuwaabudu, na baadaye alimwandikia Ptolemy kitabu kizima cha kuorodhesha mashaka yake juu yake.

Kisa chake na Mto Nile kinatoka hasa kwa Ibn al-Qifti, mwandishi wa tarikhi aliyezaliwa Qift, mji wa Misri ya Juu kwenye bonde la Nile lenyewe, na aliyefariki mwaka 1248, yaani karne mbili baada ya mtu anayemsimulia. Yupo al-Bayhaqi anayesimulia vingine, kwamba khalifa aliukataa mpango na Ibn al-Haytham akakimbilia Sham. Mimi nafuata ya Ibn al-Qifti kwa sababu ndiyo iliyonifika.

Anasema kuwa Ibn al-Haytham, akiwa bado mbali, alipata kunena kwamba lau angekuwa Misri angefanya kazi katika Nile yake ambayo ingewafaa watu wakati mto unapojaa na unapopungua. Hoja yake ilikuwa kwamba amesikia mto ule unateremka kutoka mahali pa juu, kwenye ukingo wa nchi ya Misri. Naomba uyashike maneno hayo, mahali pa juu, kwa sababu tutayarudia.

Khalifa wa Cairo wakati ule alikuwa al-Hakim bi-Amr Allah wa ukoo wa Fatimiya, aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021. Habari hiyo ilipomfikia haikuwa porojo ya barazani kwake. Misri yote ilikula kwa Nile. Katika kisiwa cha Rawda, Cairo, tangu mwaka 861 palikuwa na Miqyas, kisima chenye nguzo ya mawe iliyochongwa alama za dhiraa, na maji ya mto yaliingia humo yakapimwa. Yakifika dhiraa 16 nchi ilishiba na kodi ikalipwa. Yakipungua sana, njaa. Fikiria ungeyachora masomo ya nguzo ile kwenye grafu, siku kwenye mhimili wa kulala na dhiraa kwenye mhimili wa kusimama. Mstari unaopanda kwa ukali ungekwambia kwamba maji yanaongezeka upesi kila siku. Mstari uliolala, kalenda ikiwa imekwisha kufika katikati ya msimu, ungekutia hofu hata kama maji yenyewe si machache bado. Kimo cha maji ni jambo moja, na mwendo wa kimo kubadilika ni jambo jingine. Mkulima wa Misri alilijua hilo kwa tumbo lake bila grafu.

Kwa hiyo al-Hakim alimwita, akampelekea mali, na alipokaribia Cairo khalifa mwenyewe akatoka kumlaki katika kijiji cha al-Khandaq. Kisha akampa mafundi na wafanyakazi, wakapanda mto kwenda kusini.

Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale wa Misri. Ibn al-Qifti anaeleza jinsi alivyostaajabu: ufundi wake, vipimo vyake, handasa iliyokamilika. Na humo humo moyo wake ukaanza kuingiwa na ubaridi. Watu wenye elimu ile walikaa ukingoni mwa mto huu maelfu ya miaka. Lau jambo analolitaka lingewezekana, wao wangelifanya. Hata hivyo aliendelea mpaka al-Janadil, maporomoko yaliyo kusini ya Aswan. Hapo ndipo pale mahali pa juu alipopasikia. Akaangalia, akapima, akayachunguza maji kwa pande zote mbili. Hayakuwa kama alivyosikia. Moyo ukavunjika.

Alichokiona kilikuwa nini hasa? Mwandishi hakutuachia namba, hivyo hapa nasema yangu. Maporomoko ya Aswan si ukuta wa maji. Ni mawe na visiwa, mto ukipita katikati kwa fujo na kushuka mita chache tu. Na kutoka hapo kwenda Cairo mto hushuka kama sentimeta 8 kwa kila kilometa. Mtu aliyeko Basra akisikia kwamba maji yanatoka juu, akili humchorea mlima. Lakini juu peke yake ni nusu ya habari. Juu kwa umbali gani? Mita 70 zikishuka ndani ya kilometa moja ni mteremko wa kutisha. Mita 70 hizo hizo zikigawanywa kwa kilometa zaidi ya 900 ni sahani.

Hayo niliyaelewa nikiwa nimesimama ukingoni mwa Nile hiyo hiyo, sisi tukiwa mbali sana juu yake, na mawazo yangu yakiwa kwenye mtaro. Nilikuwa nimeukimbia msikiti. Siku mbili nilikuwa naswali nyumbani nikidai kuumwa kichwa. Jioni ya siku ya pili nilishuka mtoni, upande wa daraja la Juba, nikakaa nikiangalia magugu-maji yakielea kwenda kaskazini, na nikaanza kukokotoa kwa kidole kwenye simu ili nipoteze mawazo.

Kutoka Nimule, mpakani na Uganda, hadi Juba mto una urefu wa takriban kilometa 160, na katika mwendo huo unashuka takriban mita 150. Karibu mita moja kwa kila kilometa. Ndiyo maana kuna maporomoko ya Fula, na ndiyo maana meli za zamani zilizotoka kaskazini zilikomea hapa kwetu, hazikuweza kupanda zaidi. Kutoka Juba hadi Khartoum ni zaidi ya kilometa 1,700, na mto unashuka mita 75 hivi tu. Gawanya: kama sentimeta 4 na nusu kwa kilometa. Ni mto mmoja, maji ni yale yale, lakini sehemu ya kwanza ni kali kuliko ya pili kwa zaidi ya mara 20. Na maji yanapotoka kwenye ukali kuingia kwenye ubapa hufanya nini? Yanapoa, yanatanda, yanazaa Sudd, ile bahari ya matete na mafunjo ambayo karibu nusu ya maji yanayoingia humo hupotea hewani. Nguvu waliyoipata Nimule haiwafikishi Malakal.

Nilisimama ghafla, mama mmoja aliyekuwa akifua akanitazama. Mita 20 za kwanza, sentimeta 50. Mita 100 zilizobaki, sentimeta 10. Nilikuwa nimewachimbia watoto wa khalwa Mto Nile mdogo, na Sudd yake ndani.

(Wapo waliotaka kuitibu Sudd yenyewe. Mfereji wa Jonglei ulianza kuchimbwa mwaka 1978, ulikusudiwa kufika kilometa 360, vita vikausimamisha mwaka 1984, na mtambo mkubwa uliokuwa ukichimba ukabaki porini na kutu yake. Marehemu Dkt. John Garang aliandika tasnifu yake ya udaktari huko Marekani kuhusu mradi huo huo, kabla hajaingia msituni. Watu wengi wamekwisha kuitazama Nile na kusema wanaiweza.)

Usiku ule nilichukua daftari la mraba la mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayejiandaa na mtihani. Mhimili wa kulala nikaweka mita za mtaro, wa kusimama nikaweka kina. Nikachora nilivyochimba: mstari unaoporomoka hadi sentimeta 50 kwenye mita ya 20, kisha unaojikunja na kulala hadi mwisho. Sentimeta 2 na nusu kwa kila mita, halafu milimita moja kwa kila mita. Kisha nikaweka rula kwenye nukta ya kwanza na ya mwisho nikachora mstari ulionyooka. Sentimeta 60 kwa mita 120, nusu sentimeta kwa kila mita, popote utakaposhika. Mpwa wangu alicheka, akauliza kama khalwa iko juu ya Jebel Kujur, kwa jinsi mstari ule ulivyoonekana mkali karatasini. Alikuwa na haki ya kucheka. Mraba mmoja wa kulala ulikuwa mita 10 na mraba mmoja wa kusimama ulikuwa sentimeta 10. Ningetumia kipimo kimoja pande zote mbili mstari wangu ungelala hata usiutofautishe na mhimili. Jicho hudanganywa na ukubwa wa miraba. Namba yenye vipimo vyake, nusu sentimeta kwa mita, haidanganywi.

Akauliza na swali la pili ambalo lilinikwamisha: mwalimu wao amewaambia wachague nukta mbili zozote kwenye mstari, sasa kwa nini jibu halibadiliki ukichagua nyingine? Nilikuwa mwaka wa pili wa uhandisi na sikuwa na jibu. Nikamwambia nitamjibu kesho, akajua kwamba sijui.

Narudi kwa Ibn al-Haytham, ambaye wakati huo alikuwa na tatizo kubwa kuliko langu. Alikuwa Aswan, na khalifa wake alikuwa al-Hakim, mtu aliyewaua mawaziri na makadhi kwa sababu ndogo au bila sababu, na aliyepata kuipiga marufuku hata mboga ya mulukhiya, ambayo kwetu haikosekani soko la Konyokonyo. Angeweza kukawia huko. Angeweza kuomba watu zaidi, mali zaidi, mwaka mmoja zaidi, na kila mwaka kusema kazi inaendelea. Tumewaona wenye miradi ya namna hiyo. Yeye alirudi Cairo, akasimama mbele ya al-Hakim, akaomba radhi kwamba jambo aliloahidi haliwezekani.

Al-Hakim aliupokea udhuru wake, au alijifanya kuupokea, akampa cheo katika diwani. Ibn al-Haytham alikishika kwa woga, si kwa kukitaka. Akaona kwamba kukataa ni hatari na kubaki ni hatari, akatafuta mlango wa tatu: akajifanya mwendawazimu. Wakamfungia nyumbani, mali yake ikawekwa chini ya mwangalizi. Akabaki hivyo mpaka mwaka 1021, usiku ambao al-Hakim alitoka kwenda kwenye vilima vya Muqattam na hakurudi tena. Kifo chake kilipothibitika, Ibn al-Haytham akarudiwa na akili zake.

Watu hupenda sana kisa hiki cha wazimu, na mihadhara mingi hukiweka mbele kwa sababu kinachekesha. Mimi kinachonishika ni siku zile za kurudi kutoka Aswan, akishuka na mto siku baada ya siku na jibu lake moyoni. Maji yenyewe yalikuwa yakimpeleka kwa mtu wa kumwambia.

Kamati ya wazee wa msikiti wetu si al-Hakim. Hata hivyo nilitetemeka. Nilikwenda baada ya alfajiri, nikawaonyesha karatasi ya miraba, nikasema kosa si la wachimbaji, wala si la mvua, ni langu, na nikaeleza kwa nini. Waliniuliza swali moja tu: kitarekebishika? Nikasema ndiyo. Wakauliza kwa kuchimba kiasi gani tena? Hapo ndipo palipokuwa na aibu ya kweli, kwa sababu mstari ulionyooka ulipita juu ya mtaro wangu mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na cha kuchimba hata jembe moja. Kwenye mita ya 20 ilitakiwa kina cha sentimeta 10 na mimi nilikuwa nimechimba 50. Kwenye mita ya 60 ilitakiwa 30 na palikuwa na 54. Kwenye mita ya 100 ilitakiwa 50 na palikuwa na 58. Michango ya Ijumaa tatu ilikuwa imelipia udongo ambao sasa lazima tuurudishe. Mzee mmoja alicheka mpaka akatoa kilemba. Mjomba wangu hakucheka.

Sasa nilimalizie deni la mpwa wangu, na humo nitamalizia maisha ya mwanazuoni wetu, maana jibu nililipata kwake. Baada ya kutoka kifungoni Ibn al-Haytham aliishi katika kikuba kidogo mlangoni mwa msikiti wa al-Azhar. Hakutaka tena vyeo. Alikula kwa mkono wake wa kulia: kila mwaka alinakili vitabu vitatu, Misingi ya Euclid, vile viitwavyo Vya Kati, na al-Majisti ya Ptolemy, akaviuza kwa dinari 150 za Misri, na hizo zilimtosha chakula na mavazi mpaka mwaka mwingine. Mwaka baada ya mwaka, Euclid yule yule, kwa hati yake mwenyewe.

Nikajiuliza katika Euclid kuna nini hata mtu mwenye akili ile asichoke kumwandika. Nikafungua kitabu cha sita, cha uwiano wa maumbo. Pembetatu zenye pembe zilizo sawa, pande zake huwa na uwiano mmoja, ziwe ndogo ziwe kubwa. Chora mstari ulionyooka, chini yake chora ngazi ndogo ya hatua moja kwenda mbele na kushuka hadi kwenye mstari. Kisha chora ngazi kubwa ya hatua 10. Ni pembetatu mbili zenye pembe zile zile. Kubwa imeshuka mara 10 zaidi, lakini imetembea mara 10 zaidi, kwa hiyo ukigawanya unapata kile kile. Ndiyo maana nukta zozote mbili zinatosha. Na ndiyo maana mstari uliokunjika hauna jibu moja: ngazi zake hazifanani. Nilimwambia mpwa wangu, akachora ngazi tatu, akagawanya zote, akatikisa kichwa kama fundi anayekubali kazi ya mwanafunzi wake.

Katika miaka hiyo ndipo alipoandika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, juzuu saba kuhusu nuru na kuona. Humo alionyesha kwamba tunaona kwa nuru inayotoka kwenye vitu na kuingia machoni, wala si kwa miale inayotoka machoni kama walivyodai Euclid na Ptolemy, hao hao aliokuwa akiwanakili apate mkate. Kilitafsiriwa kwa Kilatini kiasi cha mwaka 1200, na kikapigwa chapa Basel mwaka 1572. Mengi yamesemwa juu ya kitabu hicho katika majarida kama haya, nami sitayarudia. Jambo moja tu linahusu habari yetu. Alipofika kwenye vioo vilivyopinda, ambako hakuna mstari ulionyooka wa kushika, alifanya hivi: penye nukta ile nuru inapogonga, alichukua bapa linalougusa mpindo hapo tu, na nuru ikaruka kana kwamba imegonga bapa hilo. Ukisogea kidogo, bapa ni jingine na mwinamo wake ni mwingine. Mstari uliopinda nao una mteremko, ila lazima useme ni wapi. Mto vile vile. Mtu akiniuliza leo mteremko wa Nile ni kiasi gani, nitamuuliza amesimama wapi.

Alifariki Cairo kiasi cha mwaka 1040, Allah amrehemu. Kusini ya Aswan, katika nchi ile aliyoitazama akarudi, lilijengwa Bwawa Kuu kati ya mwaka 1960 na 1970. Kwa kuwa mteremko haukuwapo wa kutosha, walijenga kimo wenyewe, ukuta wa mita 111 kwenda juu na karibu kilometa 4 kwa urefu, kwa mashine ambazo yeye na wajenzi wa mahekalu hawakuwa nazo.

Mtaro wetu ulichukua siku tano. Tulipiga vigingi kila mita 10, kila kigingi sentimeta 5 chini ya kilichotangulia, tukavuta kamba, tukajaza vifusi na changarawe mpaka kwenye kamba, tukashindilia. Mimi nilibeba karai kama wengine, na malipo ya vijana safari hii yalitoka mfukoni kwangu na kwa mjomba. Mvua ilinyesha usiku wa Jumatano. Asubuhi ua ulikuwa na unyevu, hauna bwawa, na mtaroni maji yalikuwa bado yanatiririka polepole kuelekea khor, bila kishindo chochote. Isipokuwa kwenye mita ya 70, ambapo mbuzi wa jirani aliking'oa kigingi tukakirudisha kwa kukisia. Hapo pana kidimbwi cha upana wa sinia, na watoto wa khalwa wanakiita kwa jina langu. Nikirudi likizo ya Desemba, inshaallah, nitakwenda na kamba.